Mshale Uliokwama Nusu

Fundi Sikio alipopoteza macho, wenzake wa gereji walidhani habari yake imekwisha. Ugonjwa ulimwanza kama ukungu, mara akawa haioni hata spana aliyoishika mwenyewe, na madaktari wakamwambia waziwazi kuwa ukungu ule hautaondoka. Alikuwa bingwa wa umeme wa magari, mtu wa kuisikiliza injini ikiunguruma akakutajia maradhi yake kabla hujafungua boneti. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Alijikalia nyumbani akijila moyo, hadi mkewe, aliyekuwa fundi cherehani, alipokifunga kibanda chake na kumwambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe una ujuzi, mimi nina macho. Twende kazini."

Wakaenda. Mwanzoni watu waliwacheka. Jirani yao, mnyoosha bodi aliyeitwa Kelele, alisema gereji imegeuka darasa la watu wazima. Lakini mama yule alikuwa na vidole vilivyozoea uzi mwembamba, na waya nao una tabia za uzi. Sikio alielekeza, yeye akatenda. Akikosea alifumua na kuanza upya bila kununa, kama afumuavyo pindo. Maelekezo yakazidi kupungua, na watu wakaanza kumwita Mama Taa, kwa kuwa hakuna taa ya gari iliyomshinda.

Asubuhi moja akaja mkunga na gari lake dogo kuukuu. Lilikuwa limemzimikia njiani akimkimbiza hospitalini mama aliyeshikwa na uchungu. Mshale wa geji ya mafuta ulionyesha nusu tangi, kumbe tangi kavu. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, mzima, akilia kwa koo lake lote. Mkunga alisimulia hayo akicheka, ila Sikio alisikia sauti yake ilivyomkauka mwishoni.

Sikio akamuuliza kama mshale huwa unacheza. Mkunga akajibu kuwa umeganda palepale nusu, ajaze asijaze.

"Basi geji imekufa," Sikio akakata shauri. "Tutafute nyingine."

Alikuwa hajamaliza vizuri alipomsikia mkewe akinyanyua kiti cha nyuma kulifikia tangi lililo chini yake.

"Tuliulize tangi kwanza, baba watoto," alisema Mama Taa.

Alimwomba mkunga afungue swichi autazame mshale, kisha akauchomoa waya unaotoka kwenye tangi. Mkunga akasema mshale umelala chini kabisa. Mama Taa akaugusisha waya ule kwenye bati la gari. Mshale ukapanda hadi kwenye alama ya kujaa.

"Mume wangu, umemzika mtu yu hai," akasema. "Geji nzima, na waya wake mzima. Ugonjwa uko ndani ya tangi."

Kelele, aliyekuwa ametega sikio upande wa pili wa ukuta, akaangua kicheko. Sikio alihisi masikio yanapata moto. Kusahihishwa si neno, lakini mbele ya mteja! Kisha akatambua kwamba mkewe hakungoja ruhusa wala hakubahatisha. Alilihoji gari swali baada ya swali mpaka likasema. Ile hasira ikakosa pa kukaa.

Mama Taa akachomoa waya wa betri, akamwamuru Kelele azime sigara na asitishe kuchomelea, ndipo akafungua kifuniko cha tangi. Akatoa boya lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Alimweleza mkunga kuwa boya huelea juu ya mafuta, na mkono wake ndio unaopeleka habari kwa mshale. Akaupandisha mkono ule, akaushusha, akarudia. Ulikwenda bila kusita. Kisha akamwekea mumewe kiganjani.

Sikio aliupapasa polepole hadi kwenye kiungo. "Huu umelegea, unayumba ubavuni," alisema. "Hapa nje unakwenda wima. Mle ndani unaegemea bomba la pampu, unanasa."

Mama Taa akalichungulia bomba mle ndani ya tangi. Palikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mwembamba kama mshono. Akakishika kidole cha mumewe akakipitisha juu yake, naye akatabasamu.

Mama Taa akakikaza kiungo kwa koleo, akapachika kipande cha shaba chembamba kama ukucha kuzuia kuyumba, akarudisha kila kitu mahali pake na kufunga kifuniko kwa mpira mpya. Wakamimina petroli kidogokidogo, na kila wakisita mkunga alifungua swichi na kusoma. Robo. Nusu. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Umepita nusu."

Mkunga alipoondoka, Sikio akamwambia mkewe kuwa kuanzia kesho yeye ndiye atakayezungumza na wateja kwanza.

"Na wewe je?"

"Mimi nitabaki wa kubishiwa."

Mama Taa akacheka hadi akakaa chini. Alikuwa bado ananawa mikono Kelele alipokuja, safari hii bila makelele, akasimama karibu na benchi alilokalia Sikio.

"Shemeji," alisema, akimwelekea Mama Taa, "ukipata nafasi, honi ya gari langu haitoi sauti."

Sikio akasogea, akampisha nafasi ya kukaa.