Picha Isiyo na Mchungaji

Mke wangu alimshukuru Mungu kwa sura ya Yesu kwenye picha niliyonunua.

Picha ile haikuwa na Yesu. Haikuwa na mtu yeyote.

Nasimulia mambo ya enzi za Mwingereza, nyumba yetu ya matofali pale Njombe ikiwa bado mpya. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, ndiyo kwanza nilikuwa nakwenda darasa la jioni kujifunza kusoma.

Hulda aliniomba kitu kimoja tu: picha ya Mchungaji Mwema. Tuitundike mkabala na mlango, tusali mbele yake kila jioni.

Nikaenda Makambako. Mzungu mmoja alikuwa anahama, vitu vyake vinapigwa mnada.

"Ya Mchungaji imeshachukuliwa," akaniambia Kasimiri, msimamizi wa mnada. "Chukua hii. Kwao Wazungu, za namna hii zinatundikwa makumbusho."

Ilikuwa rangi tupu. Kijivu, weupe, na doa la manjano katikati. Lakini fremu ilikuwa nzito, kioo safi, karatasi nene. Nikajisemea, Hulda atanielewa.

Nikaitundika. Kabla sijajieleza, akasogea, akaishika fremu kwa mikono miwili.

"Asante, baba Lucia. Namshukuru Mungu kwa sura hii ya Yesu. Na kondoo wamemzunguka."

Moyo ukalainika. Nikadhani ananisitiri.

Jumapili akaja Nahumu, mzee wa kanisa, mtu wa utani.

"Kamwene," akatusalimu kwa kilugha. "Elieza, hiki ni kitambaa cha kupangusia brashi?"

Nikacheka. Hulda hakucheka.

"Mzee, humwoni Mchungaji? Hata kondoo huwaoni?"

Nahumu akanitazama. Hakutania tena. Akaaga, akamnyooshea Hulda mkono.

Mkono ukabaki hewani.

Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa sebuleni, na mke wangu alikuwa anatabasamu kuelekea ukutani.

Nahumu alipotoka nikauliza, "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza darasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha darasa. Ungeshinda umenishika mkono. Halafu nani angenisomea Neno?"

Nikampeleka kwa daktari wa misheni. Akamulika macho yale, akazima taa yake taratibu. Tulikuwa tumechelewa.

Tuliporudi, Hulda akaketi chini ya picha.

"Sasa niambie kweli. Yupo, hayupo?"

Nikaomba kimoyomoyo nipewe uongo mzuri. Sikupewa.

"Hayupo, mama Lucia. Ni rangi tu."

Akainua mkono, akaipapasa fremu.

"Usiitoe," akasema. "Hata wewe nakuona hivyo hivyo. Na najua upo."

Nikafungua Zaburi, nikamsomea kwa kusitasita. Herufi nilizokuwa nimezizoea zikanipotea, kila moja ikielea ndani ya machozi.

Ndugu yangu, mwenzako akiisifu zawadi yako, usikimbilie kufurahi. Mtazame machoni kwanza.