Karatasi Yangu ya CAT Iko kwa Nani?

Nimepoteza alama zote za CAT ya pili, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, na nimejua leo saa nne asubuhi.

Ijumaa nilirudishiwa karatasi imeandikwa 13. Nikajumlisha mwenyewe: 5, 6, 4 na 3. Hiyo ni 18, bila kikokotoo.

Nikampa Njoro, kiongozi wa darasa letu, airudishe kwa mwalimu irekebishwe.

Leo matokeo yamebandikwa. Kwangu hakuna 18, hakuna 13. Kuna kistari.

Nimekimbia ofisini.

"Karatasi iko wapi?" mwalimu akauliza.

"Si uko nayo, mwalimu?"

"Hakuna mtu ameniletea. Ungenyamaza, saa hii ungekuwa na kumi na tatu."

Mwenzangu aliyekuwa kwa mlango akacheka. "Buda, hesabu imekumaliza."

Nimempigia Njoro, simu haiingii.

Mwalimu anafunga orodha saa kumi na moja. Bila karatasi narudia somo mwaka mzima, na mimi hujisomesha kwa kutengeneza simu hapa Gitothua.

Mlio karibu na Njoro, mwonyesheni hii.

Njoro, karatasi yangu ulimpa nani? Nataka jina moja, kabla ya saa kumi.