Makato kwa Jina la Owuor

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile karani wa mjini Kisumu aliponiambia kwamba mume wangu yuko hai. Nilikuwa nimemzika mwezi huohuo, na nywele nilikuwa nimenyoa kwa msiba. Nilimtazama yule kijana nikadhani amelewa.

Nakuambia haya kwa sababu juzi ulinishtua. Ulisema umepata kazi kwa kitambulisho cha rafiki yako, na kwamba makato ya uzeeni hayakusumbui, ni kodi tu kama kodi nyingine. Hivyo hivyo ndivyo tulivyosema sisi ujanani.

Mume wangu Ochieng alitafuta kazi katika kiwanda cha pamba, miaka michache baada ya Uhuru. Walitaka mtu mwenye barua ya kazi ya zamani. Binamu yake Owuor alikuwa nayo, naye alikuwa amechoka na vibarua, amerudi kuvua samaki ziwani Dunga. Basi Ochieng akachukua barua na jina pamoja. Kiwandani akawa Owuor. Sisi nyumbani Kaloleni tuliona ni mchezo; siku ya mshahara nilimpokea mlangoni nikimwita shemeji, naye akicheka mpaka anakaa chini.

Kila mwezi alikatwa kidogo kwenye mshahara, na hakuna aliyemwuliza kama anataka. Baba zetu walikuwa wamelipa kodi ya kichwa kwa mkoloni, wengine wakijificha kwenye mafunjo askari wakija, kwa hiyo tukasema serikali mpya nayo imeleta yake. Kodi ikishatoka imetoka, ina haja gani na jina? Hatukuwa wajinga, mwanangu. Tulikuwa hatujaelezwa.

Malaria ikampanda Ochieng kichwani, akafa ghafla. Mwenzake wa kiwandani ndiye aliyenieleza kwamba yale makato yamewekwa, kwamba mwajiri naye alikuwa akiongeza sehemu yake, na kwamba mtu akifa hupewa mjane na watoto. Nikaona Mungu amenikumbuka. Akinyi, kifungua mimba wangu, alikuwa karibu kufukuzwa shule kwa sababu ya karo. Nikamwomba Owuor aje kunishuhudia kwamba jina lilikuwa lake lakini kazi ya Ochieng, tukaenda kwenye ofisi ya makato hayo mjini.

Karani alisikiliza yote, wala hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Mama, hapa hatuna Ochieng. Kama mume wako ni Owuor, basi mume wako yuko hai, ndiye huyu amesimama. Hizi pesa zitatoka akizeeka, ama akikufa."

Jasho lote la mume wangu lilikuwepo, limehifadhiwa, halikuibwa na mtu, na sikuwa na haki ya kuligusa. Owuor akainamia meza ya karani akasema taratibu, "Bwana, basi andika ni mimi nimekufa."

Kwetu, mwanangu, hutangazi kifo cha mtu anayepumua. Mama yake alikuwa hai, na watoto wake walikuwa nyumbani wakimngoja. Nilimvuta shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika, nikamwambia, "Owuor, nimezika mmoja. Sitazika wawili." Tukatoka. Akinyi hakurudi shuleni; tuliuza mboga naye sokoni Kibuye mpaka alipoolewa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa sikiliza. Kodi ile nyingine ikikatwa inakwenda kwa wote, kwenye barabara na zahanati, haimjui aliyeitoa. Hii ya uzeeni nayo ni ya lazima, utakatwa upende usipende, lakini inamngoja mtu mmoja tu, yule aliyeandikwa. Kesho nenda kwa mwajiri wako umwambie ukweli, hata kama atakufukuza. Uandikwe kwa jina lako. Uliza pia kama naye anatoa sehemu yake na kama yote yanafika yanakotakiwa, wala usione haya, kwa sababu ni malipo ya kazi yako.

Mungu akuweke mpaka mvi zikujae kichwani, ule jasho lako mwenyewe ukiwa bado na meno. Na kama atakuita mapema, wanao wamlilie baba yao tu, wasilie na karo.