Siku Tulizokopeshana Vichwa

Chumba chetu kule Shumaisi, Riyadh, tulikiita kaunti. Si mimi niliyeanzisha. Nilikuta mlango umeandikwa kwa kalamu nzito, "Kaunti ya 48", kwa sababu nyumbani Kenya ziko arobaini na saba na walionitangulia waliona yetu imesahauliwa. Kaunti lazima iwe na gavana, na nilipomaliza miezi minne nikachaguliwa mimi, mdogo kuliko wote, kwa kura saba. Nadhani ni kwa vile nilikuwa nacheka sana. Kwenye kampeni niliahidi kamba mpya ya kuanika nguo, zamu ya haki ya jiko, na bahari. Hiyo bahari ndiyo iliyonipa ushindi, maana Riyadh ni mchanga kila upande, na walicheka mpaka mmoja akateremka kitandani aje anishike mkono.

"Mheshimiwa, hiyo bahari utaileta kwa ndoo ama kwa lori?"

"Nitaileta kwa bomba," nikasema. "Nipeni muda."

Tulikuwa wanawake kumi na wawili kwenye vitanda sita vya deka, juu na chini. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa imekodi jengo zima, tukaliita sakani, yaani makazi, kama walivyoliita wenyewe, na asubuhi basi lilitupeleka Olaya kusafisha maofisi. Majina tulikuwa nayo kwenye kadi za kazi tu. Chumbani tuliitana kwa vitanda. Kulikuwa na wa dirishani, wa mlangoni, wa chini ya feni. Mimi nilikuwa wa friji, kwa sababu friji ililia karibu na kichwa changu usiku kucha na ndoto zangu zote za mwaka ule zilikuwa na mlio wake.

Gavana anafaa kujua watu wake, kwa hivyo nilifanya sensa. Nilipasua boksi la sabuni nikaandika upande wa ndani. Wenye watoto, tisa. Watoto wote pamoja, ishirini na mmoja. Waislamu wawili, na Ramadhani wote tulikula daku kwa sababu ya harufu. Waliomaliza shule ya upili, watatu. Mimi niliishia kidato cha pili. Waliojenga nyumbani, wanne. Wanaoishi katika kile walichojenga, hakuna. Hapo nilisita kidogo na kalamu, halafu nikachora ua ili ukurasa usiwe mkavu. Boksi tukalibandika juu ya friji.

Wa dirishani alikuwa mmoja wa hao wanne. Alikuwa na umri wa kunizaa, mwembamba, mpole, na mkali akitaka. Nyumba yake ilikuwa imesimama huko kwao milimani, kuta na mabati tayari, lakini matundu ya madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na baridi ya kule si ya mchezo. Watoto wake walilala kwa dada yake wakingojea vioo. Kazini alisafisha vioo vya ghorofa ya tisa, na alipima kila dirisha kwa mpini wa mopu.

"Wewe mtoto, njoo ushike hapa," aliniambia siku moja. "Kutoka kwenye kucha yako mpaka pale. La sebuleni litakuwa hivi."

"Dada, hilo ni dirisha la benki."

"Kwani mimi sina haki ya kuona anayekuja?"

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili na alikuwa amebakisha miezi mitano. Akimaliza angepewa tiketi na malipo ya mwisho, na hayo malipo ndiyo madirisha. Akiondoka kabla, aliamini, hakuna kitu. Sote tulijua hivyo, kwa hivyo miezi yake mitano ikawa ya chumba kizima. Tuliihesabu pamoja naye kama watu wanaongojea mtoto kuzaliwa.

Kuhesabiwa sisi wenyewe kulikuwa mara mbili. Asubuhi kwenye basi, na jioni chumbani, muda mfupi baada ya Magharibi. Msimamizi wetu alikuwa mwanamke wa Mombasa, mnene, mwenye Kiarabu cha kujitosheleza na ubao wa kuandikia ambao hakuuachilia hata akinywa chai. Sisi tulimwita madam. Alisimama mlangoni, akasema, "Kaunti, mko wangapi?" Mimi nikajibu kwa sauti ya bungeni, "Kumi na wawili, madam, tamam!" Akaandika, akaenda.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwa mwangalifu, kwa sababu tulichofanya tulikifanya kwa mapenzi.

Kwenda kliniki kulihitaji karatasi ya msimamizi. Ilisemekana karatasi zikifika tatu unaitwa ofisini, unaambiwa halas, kazi imekwisha, na unapandishwa ndege. Yupo mmoja aliyefanyiwa hivyo, walisema, kabla yangu. Sikumwona. Hata aliyenisimulia hakumwona. Lakini tuliogopa, na kwa ajili ya hofu hiyo kulikuwa na desturi chumbani, nayo ilikuwa kukopeshana vichwa. Ukiamka mgonjwa, mwenye siku ya mapumziko, mmoja tu kwa siku, anavaa kadi yako na kwenda kazini akiwa wewe. Yunifomu ni moja, kitambaa cha kichwani ni kimoja, barakoa inafunika nusu ya uso. Kwenye basi anasaini jina lako, na idadi inatimia. Nawe utamrudishia siku yako ya mapumziko baadaye. Ilikuwa ya maumivu ya tumbo, au siku umepokea habari ya msiba na macho hayafunguki. Siku moja, mbili.

Wa dirishani alianza na miguu. Viatu vilikataa kuingia. Kisha uso ukavimba asubuhi na kupungua jioni, naye akawa anacheka kwamba hatimaye Uarabuni kumemnenepesha. Tulimkopesha kichwa Jumatatu. Tukamkopesha Jumanne. Wiki ikaisha, ikaanza nyingine. Watu walianza kuchoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepumzika, lakini hakuna aliyelalamika mbele yake. Mimi kama gavana ndiye niliyepanga zamu, na nitasema ukweli, nilijivunia. Niliandika ratiba nzuri yenye mistari. Jioni tulimketisha, tukampaka mafuta usoni ang'ae, tukamfunga kitambaa. Msimamizi akisimama mlangoni, yeye alikuwa ameketi dirishani ana kikombe mkononi kama mwenye nyumba.

"Mko wangapi?"

"Kumi na wawili, madam, tamam!"

Jioni moja msimamizi hakuondoka mara moja. Akamtazama wa dirishani.

"Wewe mama, mbona wahema hivyo?"

"Nimepanda ngazi, madam."

"Pole basi. Punguza chumvi."

Alipoondoka nilimwambia wa dirishani, "Dada, tumwambie." Nilisema hivyo, nakumbuka. Nilisema kwa sauti ndogo.

"Ukimwambia umeniua," akasema. "Umebaki mwezi mmoja na siku kidogo. Mwezi ni nini? Nitalala, nitaamka, umeisha." Halafu akanipiga kofi dogo shavuni, la mchezo. "Cheka, Mheshimiwa. Ukinuna wanaogopa."

Nikacheka.

Kuna kitu ambacho watu kumi na wawili hawakukiona kwa wiki tatu, nami ndiye niliyekuwa na ratiba mkononi. Mwenye mapumziko ndiye aliyekuwa akienda kazini. Kwa hivyo mgonjwa alibaki peke yake. Kila siku, kuanzia basi linapoondoka mpaka linaporudi, katika chumba cha watu kumi na wawili hakukuwa na mtu wa kumpa maji.

Ile siku ilikuwa zamu ya wa mlangoni, msichana wa rika langu, mrefu, mwenye maneno mengi. Alivaa kadi ya wa dirishani, akaiacha yake kitandani kwa mgonjwa. Ndivyo tulivyofanya siku zote, tulibadilishana ili zisipotee. Tukasafisha. Adhuhuri tulikula wali na dengu kwenye ngazi za dharura, na wa mlangoni akatuigiza jinsi wa dirishani anavyopima madirisha, na tulicheka sana. Nakumbuka ladha ya dengu ile.

Alasiri msimamizi akatokea. Hakuwa na ubao. Alikuwa ameshika simu na uso wake umekauka, na alinijia mimi kwa kuwa mimi ndiye gavana.

"Mwanangu, keti. Mwenzenu aliyebaki chumbani leo ameanguka kwenye korido. Mlinzi amemkuta hajitambui. Ambulensi imemchukua." Akashusha sauti. "Yule wa mlangoni, mrefu. Kadi yake ilikuwa kitandani, ndiyo waliyoandikia hospitali. Ofisi imeshampigia mamake Kenya kwamba huenda asiamke."

Wa mlangoni alikuwa nyuma yangu, ameshika ndoo.

Alishusha barakoa ili apumue. Msimamizi akamwona. Sijawahi kuona mtu akimwangalia mtu hivyo. Aliweka mkono ukutani. Ndoo ikaanguka, maji ya sabuni yakatufikia viatuni. Niliona wenzangu wakinitazama, kumi na mmoja pamoja na mimi, na nilijua wanachokitaka. Walitaka niseme uongo mwingine. Nami nilikuwa hodari. Lakini nilifikiria daktari akiuliza huyu ni nani, ana ugonjwa gani, ameumwa tangu lini, na kujibiwa habari za msichana wa miaka ishirini na nne asiyeumwa kitu.

"Ni wa dirishani, madam," nikasema. "Ameumwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyepanga."

Msimamizi hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alikaa kwenye ngazi, palepale penye maji.

"Wiki tatu," akasema. "Na mimi nawauliza kila jioni."

"Tuliogopa atafukuzwa."

"Nani kakwambia?"

Sikujua ni nani.

"Likizo ya ugonjwa ipo. Iko kwenye mkataba. Mimi mwenyewe nililazwa mwezi mzima nikarudi." Akajifuta macho kwa ushungi. "Mimi nauliza mko wangapi ili nijue nani hajarudi, nani yuko wapi. Nyinyi mwaona ubao tu."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli kuhusu kampuni nzima au kuhusu yeye tu. Inawezekana kwetu sisi ingekuwa tofauti. Najua tu kwamba hatukuuliza.

Wa mlangoni alimpigia mamake palepale. Tulisikia ukelele kwenye simu, kisha kilio, kisha, "Wewe ni nani? Wewe ni nani unayeongea kwa sauti ya mwanangu?" Ilichukua muda mrefu mama yule kukubali kwamba mtoto wake yuko hai. Mama mwingine, aliyemzaa wa dirishani, huko milimani, wakati huo alikuwa hajaambiwa chochote.

Walisema ni figo. Aliishi siku sita. Niliruhusiwa kumwona mara moja, siku ya nne. Karatasi iliyofungwa kitandani ilikuwa bado na jina la wa mlangoni, ingawa msimamizi alikuwa amekwenda kulirekebisha mara mbili. Alifungua macho kidogo.

"Zimebaki siku ngapi?" akaniuliza.

"Ishirini na saba, dada."

"Umenisaini leo?"

"Nimekusaini," nikasema. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake, na sijutii.

Mwili ulikaa wiki nyingi kabla ya kusafirishwa. Karatasi za hospitali zilisema mtu mmoja, pasi ilisema mwingine, na karatasi za kazini zilionyesha kwamba siku aliyoanguka alikuwa ghorofa ya tisa, Olaya, akisafisha vioo. Kila ofisi iliomba maelezo ya ofisi nyingine. Msimamizi alizunguka nazo mpaka viatu vyake vikaisha visigino. Dada wa marehemu alitutumia picha ya mazishi. Nyuma ya watu nyumba inaonekana, na magunia madirishani.

Kaunti ilivunjwa. Walitugawa vyumba na miji, nami nikapelekwa Jeddah. Kwa hivyo bahari niliipata, peke yangu, na niliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la basi la kampuni. Nilitamani kumwambia mtu. Hapa hewa ni nzito, nguo hazikauki kwenye kamba, na chumba chetu kipya tuko kumi. Bado nacheka, siwezi kuacha, ndivyo nilivyoumbwa. Bado naota nitafungua saluni yenye kioo kikubwa mbele, na nishakipima.

Na wakanichagua tena gavana. Nilikataa, wakasisitiza.

Wiki iliyopita mmoja wao, wa chini ya tangi, aliamka na homa. Mwenye mapumziko alikuwa ameshaanza kuvaa kadi yake. Hata huku desturi ipo. Sikuileta mimi, niliikuta. Msimamizi wa hapa ni kijana asiyenijua, na huhesabu asubuhi mlangoni. Akapiga mlango. "Wangapi?"

"Tuko kumi," nikasema. "Tisa wazima. Mmoja mgonjwa, anahitaji karatasi."

Kijana akaandika, akaenda.

"Umeniuza," wa chini ya tangi akaniambia. "Mimi nina watoto wawili. Umeniuza, wewe, na meno yako hayo ya kucheka."

Sijui karatasi ile itamfikisha wapi. Inawezekana yeye ndiye aliyesema kweli. Nilimvua kadi mwenye mapumziko, nikamwambia leo yeye habandui mguu chumbani. Nikapanda basi.

Jioni nilipanda ngazi mbio mpaka kifua kikaniuma. Wa chini ya tangi alikuwa amelala, ubavuni, bado amenigeuzia mgongo. Kando yake yule mwenye mapumziko alikuwa ameketi na kikombe cha maji, anamfumua nywele polepole.