Bendera za Mjomba Mwinjuma

Mjomba wangu Mwinjuma, mtu wa Mzenga, alikuwa haijui bahari. Lakini mwaka wa sabini na tatu, wapimaji wa serikali walipotafuta vibarua wa kwenda kuchora ramani ya kisiwa kimoja mbele ya Kisiju, alinyoosha mikono yote miwili. Alikuwa amemposa Swaumu, na baba yake Swaumu, Mzee Mwishehe, alishamwambia mbele za watu: "Kibarua gani uliwahi kukimaliza wewe? Maliza hiki, mke unaye. Ukirudishwa, usipite hata mlangoni kwangu."

Akaenda. Ufuko wa kule majabali matupu, makali kama msumeno. Mkubwa wao, Melkiori, Mnyamwezi, alimwagiza apande bendera nyekundu kufuata ukingo wa maji, asubuhi wazipime kwa darubini. Mjomba akatazama, maji yamekwenda zake mbali. Kwetu mto ukishuka umeshuka, mpaka mvua nyingine. Akazipanga bendera zote kule chini, kwenye mchanga ulioachwa na maji, akalala usingizi wa bwana harusi.

Asubuhi bahari imejaa hadi kwenye mikoko. Bendera hakuna hata moja.

"Mzaramo wewe!" Melkiori akafoka. "Funga mzigo, urudi kwenu!"

Mjomba akauona mlango wa Mzee Mwishehe unafungwa. Ndipo akakumbuka: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hakasirikiwi. Akajitupa chali, akafumba macho.

"Nimekufa, mtani. Nizike, sanda juu yako."

Melkiori akajikaza, wapi! Akaangua kilio cha uongo. "Ole wetu! Marehemu alikuwa mlafi, tumbo hili kaburi moja halitoshi!"

Vibarua hoi kwa kicheko. Mara akatokea Bi Biubwa, mwenyeji wa kisiwa, katoka upande wa pili, bendera tele kwapani.

"Nani kaanika matambara yake kwenye uzio wangu wa samaki?"

"Zimevukaje kisiwa kizima?" Melkiori akauliza.

"Kwa ule mkondo wa zamani, wazee walimopitisha mashua za biashara ya sandarusi! Mikoko iliufunika, tukadhani umekufa."

"Amka, maiti!" Melkiori akamwambia Mjomba. "Shika upondo, utusukumie mtumbwi!"

Wakaingia na mtumbwi, matawi yanawazaba makofi, wanacheka kama walevi, mpaka wakatokea ng'ambo. Melkiori akauchora mkondo palepale, ramani yake haikuwa nao.

"Na kazi yangu?" Mjomba akauliza.

"Maiti haachishwi kazi. Panda bendera upya, juu ya majabali safari hii!"

Kazi akaimaliza. Siku ya harusi Melkiori alikuja Mzenga, akakalia mkeka wa bibi harusi, akaapa haondoki mpaka Mzee Mwishehe acheze ngoma.

Mzee akacheza.