Injini ya Jeti kwa Mto wa Mawe

Shemeji yangu ni mvuvi, jambo ambalo katika ukoo wa wakulima wa kahawa na ndizi kwenye miteremko ya Mlima Meru huhitaji maelezo. Alimwoa dada yangu mdogo miaka mingi iliyopita, akajaribu kulima kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo mtoto hurithi kutoka kwa mzazi, kisha akakiri mwenyewe kwamba hakuumbiwa jembe. Tangu hapo kila Jumatatu huteremka hadi Mto Kikuletwa, kule chini kwenye joto, ambako mto huo hupeleka maji ya milima yetu kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko huvua perege na kambale kwa boti ya mbao yenye injini ndogo nyuma, na Jumamosi hupanda kurudi kwa mkewe na watoto.

Kati ya kambi yake na vilindi anakotega nyavu pana mahali pa mawe. Wakati wa masika boti hupita juu ya mawe hayo bila kuyagusa. Kiangazi kikifika, maji hupungua hadi chini ya goti, na rafadha, ambayo wavuvi huiita propela, hugonga jiwe na kuvunjika. Njia pekee ilikuwa kuzima injini, kuiinua, kushuka majini na kuisukuma boti kwa mabega. Alifanya hivyo kwa miaka bila kumwambia mkewe kwamba mto ule una mamba. Mwaka juzi mamba alimkamata mbwa wa kambi mahali palepale pa mawe, mchana, watu wakiangalia, na habari hiyo ikafika mlimani kabla ya samaki wa wiki ile.

Dada yangu hakulia wala hakugombana. Alimwita mumewe, akaniita na mimi niwe shahidi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba siku atakayosikia mumewe ameshuka tena majini kusukuma boti, siku hiyo uvuvi utakuwa umekwisha, na jembe lake analijua lilipo. Mume aliitikia kwa kichwa. Namfahamu dada yangu, nami ningeitikia.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya injini. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Njiro, na ndugu zangu wote wanajua kwamba nasoma chochote chenye maandishi, hata karatasi iliyofungia sukari. Jumapili moja baada ya ibada shemeji alinijia na simu yake, akanionyesha picha ya injini ya boti isiyo na propela. Mahali ambapo propela ingekuwapo palikuwa na kitu kama kiatu cha chuma.

"Shikamoo, shemeji. Wewe una subira ya kusoma," alisema. "Nisomee, uniambie kama ni kweli au ni maneno ya wauzaji."

Nilisoma kwa wiki mbili, na sikuchoka. Nakiri kwamba katika umri huu ni mambo machache mapya yanayonishika kiasi hicho. Injini ya jeti, kumbe, ni pampu iliyoamua kusafiri. Chini ya kile kiatu cha chuma kuna mdomo wenye vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Mdomo hunyonya maji ya mto. Ndani mna gurudumu lenye mabapa, ambalo mafundi wa pampu hapa Arusha huliita impela. Impela huyatupa maji nyuma kwa nguvu kupitia tundu jembamba, na boti husukumwa mbele. Hakuna kinachozunguka nje, wala kinachoning'inia chini ya boti kungoja jiwe. Nililala nikiwaza jinsi kitu kinavyoweza kwenda mbele kwa kutupa nyuma kile kilichokuwa mbele yake.

Nilisoma pia upungufu wake. Hunywa petroli zaidi. Hudhoofika boti ikiwa na mzigo mzito. Hukabwa na magugu ya majini. Na changarawe ikiingia ndani hula mabapa ya impela. Upungufu huu wa mwisho ndio ulionitia hofu, kwa kuwa mchanga wa kwetu ni wa volkano na ni mkali kama msasa.

Upande wa viwandani wa Njiro kuna mama mmoja mwenye karakana ya pampu za maji, ambaye pia huuza injini chache za boti zilizotumika. Tulimkuta na mbili zilizotufaa: ya jeti, na nyingine yenye propela ambayo fundi wake angeweza kuichomelea kizimba cha chuma cha kuikinga. Alituambia wazi kwamba hajui mto wetu, na hivyo hawezi kutuchagulia. Akakubali tuchukue ile ya jeti kwa majaribio ya wiki mbili; isipofaa, tuirudishe ikiwa safi na tuchukue ya kizimba. Niliona uungwana huo nikautilia shaka, kwa sababu nimezoea kudhani kwamba muuzaji mkarimu ana jambo analolificha.

Kabla ya kuipeleka mtoni tulipanda nayo mlimani, kihambani kwa baba yake shemeji. Mzee alitaka kuiona, na mlimani kwetu hakuna kifaa cha maji kinachoaminiwa kabla hakijapita mikononi mwa watu wa mfereji. Mifereji ile inayoteremsha maji kutoka msituni ina kamati, na kila kaya ina zamu yake ya kumwagilia. Mwenyekiti wa mfereji aliitwa, akatoa ruhusa tuitumie kwa dakika chache lile bwawa dogo ambamo maji hukusanywa. Tuliifunga injini kwenye ubao mnene kingoni, shemeji akavuta kamba.

Iliwaka kwa upole, kisha ikatupa maji nyuma kwa mkondo mnene, mkondo ukavuka ukingo na kutua kwenye maharage ya jirani. Tuliduwaa wote tukiyaangalia maharage yakiinama. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyebaki na akili ya kazi. Alimgeukia jirani, ambaye alikuwa amekuja kutazama tu, akamwambia, "Wewe umeshapata maji. Alhamisi usije."

Jirani alisema hakuomba. Mwenyekiti akamjibu kwamba maharage yake hayakukataa.

Watu walipokwisha kucheka, wazee waliinama kuikagua. Maji ya mfereji hubeba majani ya mibuni, na vyuma vile vya mdomoni vilikuwa tayari vimenasa mawili. Baba yake shemeji aliuliza chujio liko wapi. Kwa watu wa mlima ule, pampu isiyo na chujio ni kama mtoto aliyetoka nje bila nguo. Kila pampu ya kumwagilia huvikwa mdomoni kipande cha wavu mwembamba, ule wa kuanikia kahawa mezani. Shemeji alisita, akasema huenda watengenezaji walikuwa na sababu ya kuacha nafasi pana kati ya vyuma.

Hapo ndipo niliposema nami, na watu walinisikiliza kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Niliwaeleza kuhusu changarawe na mabapa. Nilisema wavu ule ungezuia uharibifu ule ule ambao vitabu vinaonya juu yake. Mzee alifurahi kuona maandishi yanakubaliana naye, akaenda mwenyewe kukata kipande, akakikunja mara mbili na kukifunga kwa waya kwa ustadi mkubwa. Tuliiwasha tena polepole. Ilitupa maji kama kawaida, ingawa safari hii yaliishia ukingoni, na sisi tulidhani ni kwa sababu shemeji alikuwa ameipunguza nguvu kuyahurumia maharage.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa likizo ya shule, nikateremka naye hadi mtoni. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Kwenye kilindi mbele ya kambi boti iliondoka kwa uvivu, na tulipokaribia mawe shemeji akaongeza mafuta. Injini ililia kwa sauti kali nisiyoitarajia, mwili wote wa boti ukatetemeka, lakini hatukuongeza mwendo hata kidogo. Kisha mkondo ukaanza kuturudisha nyuma, ukatugeuza ubavu na kutuegemeza kwenye jiwe, katikati kabisa ya mahali pale. Maji pale hayakufika goti. Ukingo ulikuwa hatua ishirini.

Niliona macho ya shemeji yakipima kina. Aliinua mguu mmoja na kuuweka juu ya ubavu wa boti. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na nadhani sote wawili tulimsikia dada yangu. Akaurudisha mguu ndani, akachukua upondo, tukasukuma kwa zamu kutoka ndani ya boti kwa karibu saa nzima hadi jiwe lilipotuachia na mkondo ukaturudisha kambini. Alipofika nchi kavu aliketi akaziangalia nyavu zake, ambazo zingekaa bila kazi wiki ile, na mimi niliyekuwa nimemshauri nikatafuta mtu wa kumlaumu.

Nilimpata upesi. Siku ya pili, tukirudi na injini nyuma ya gari, nilitunga njiani hotuba nzima juu ya biashara isiyo na haya. Niliitoa karakanani mbele ya wateja wanne. Nilisema anauza chuma kinachopiga kelele tu, na kwamba mtu angeweza kuliwa na mamba kwa sababu ya tamaa ya mtu mwingine. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akawaambia mafundi wake waipindue injini.

Aliuona wavu. Aliugusa kwa kidole.

"Mwalimu, hiki mlikitoa wapi?"

Nilimwambia ni chujio.

"Hii siyo pampu ya mboga," alisema. "Ile inapandisha maji kwenye nyanya pole pole, hata ikinyweshwa kwa kijiko itafika. Hii inabeba watu. Ukiiziba mdomo inameza hewa, inalia bure. Wewe ungekimbia umefungwa kitambaa puani?"

Aliniletea beseni na pampu ndogo, akauvika mdomo wa pampu wavu ule ule uliokunjwa mara mbili, akaongeza mwendo taratibu ili nione. Kwa mwendo mdogo maji yalitoka vizuri. Alipoongeza, viputo vyeupe vilijaa kwenye bomba na maji yakageuka kuwa mate. Nilimwomba arudie. Alirudia, nikamwomba tena, maana lilikuwa jambo la ajabu kwangu kwamba pampu inaweza kufa njaa ikiwa imezama majini. Alinieleza kwamba vyuma vile vipana vipo ili kuzuia mawe makubwa. Changarawe ndogo huachwa ipite, na impela huliwa kidogo kidogo, kisha hunolewa au kubadilishwa, kama kisu cha jikoni. Nilikuwa nimesoma kwamba changarawe huila. Sikuwa nimefika mahali palipoandikwa kwamba inakubalika.

Wateja wale wanne walikuwa bado wamesimama. Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi kwamba anayemkosea mtu hadharani hatubu pembeni, na sikuona njia ya kujitoa katika fundisho hilo. Niliwageukia, nikasema kwamba nilimsingizia mama huyu, kwamba kosa lilikuwa langu na la wavu, na kwamba nilimhukumu kabla ya kumwuliza. Mmoja wao, mzee mwenye koti, alisema wamesikia. Mama mwenyewe alisema tu kwamba wiki mbili bado hazijaisha.

Tulirudi mtoni Alhamisi, bila ule wavu mdomoni. Nilikaa mbele kabisa ya boti ili nione mawe. Shemeji aliongeza mafuta tukiwa mbali, na safari hii boti iliinua pua, ikalala juu ya maji, na mawe yakaanza kupita chini yetu, ya kahawia, ya kijani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuyahesabu. Nilishika ubavu kwa mikono miwili nikingoja mlio wa chuma. Haukuja. Tulikuwa kwenye vilindi vya juu kabla sijakumbuka kupumua, na shemeji akacheka peke yake kule nyuma, cheko la mtu aliyeachiliwa.

Hata hivyo sikutaka furaha ituamulie. Tulitega nyavu, na alasiri tulipokuwa tukizitoa nilimwekea mbele yale yote niliyoyasoma. Petroli itaongezeka. Magugu ya bwawani yatamkaba akiyaingia. Zaidi ya yote, injini hii hudhoofika ikiwa na mzigo, na yeye ni mtu wa mizigo. Siku ya samaki wengi boti itazama kiasi na huenda ikashindwa palepale kwenye mawe. Nilimshauri afikirie tena ile ya kizimba.

Alimaliza kumtoa kambale mkubwa kwenye wavu kabla ya kunijibu.

"Shemeji, napanda mto nikiwa mtupu," alisema. "Samaki nawabeba nikishuka, na nikishuka mto ndio unaonisukuma. Mzigo wangu haujawahi kupanda hata siku moja."

Kuhusu magugu alisema hana haja ya kushuka hadi bwawani, kwa kuwa wanunuzi humfuata kambini. Kuhusu petroli alisema ataendesha kwa jeti hadi kuyavuka mawe, kisha vilindini atatumia kafi, jambo ambalo hata samaki hulipenda. Kizimba kingeikinga propela, lakini kingekaa chini zaidi kuliko propela yenyewe na kuligusa jiwe kwanza. Mambo hayo yote alikuwa ameyajua tangu mwanzo. Mimi sikuwahi kumwuliza mto wake unakwendaje, nilimsomea tu.

Tulishuka na mzigo jioni mapema. Boti ilikuwa nzito, na kama alivyosema, mkondo ulitubeba, injini ikitumika kuongoza zaidi kuliko kusukuma. Kambini alimpigia yule mama wa karakana akamwambia anaichukua. Kisha akampigia mkewe, na baada ya salamu akanipa simu, kwa kuwa dada yangu alitaka kuzungumza na shahidi.

"Kaka, alishuka?"

Nilimwambia hakushuka. Akauliza kuhusu siku ile ya kwanza, tulipokwama. Nilimweleza kila kitu, pamoja na ule mguu uliowekwa juu ya ubavu wa boti, maana sikuona haki ya kuuficha. Shemeji, aliyekuwa akipanga samaki kwenye tenga, aliacha kupanga.

"Lakini aliurudisha," alisema dada yangu.

"Aliurudisha."

"Basi mwambie Jumamosi alete kambale. Perege watoto wamewachoka."