Timu ya Kvamme imeshinda, kiwanda kimesimama, na LaVonne hajui kama bado ana kazi

Nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ndani ya karakana ya mashindano ya kiwanda cha Kvamme, mjini Aspelund, kaskazini mwa Minnesota, LaVonne Tveit amepiga magoti kando ya pikipiki ya kijani ya theluji, ile isiyo na magurudumu, inayoteleza. Anachomoa pistoni, anaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, anaipuliza, anairudisha.

Yuko peke yake. Upande wa pili, zilikokuwa zikiundwa pikipiki arobaini kwa siku, kimya kimetanda tangu wiki tatu zilizopita.

“Usiniulize kama nimeachishwa kazi,” ananiwahi. “Kadi yangu bado inafungua mlango. Mshahara ndio haufunguki.”

Mlinzi wa getini naye hajui. “Sina karatasi ya kumzuia,” anasema. “Wala ya kumruhusu.”

LaVonne ana miaka sitini na mitatu. Hadi mwezi uliopita alilipwa dola ishirini na saba kwa saa, akiwa fundi mkuu wa injini za timu.

Pikipiki ya kwanza aliiunda mzee Torvald Kvamme mwaka 1961, kwenye ghala la nyasi za ng'ombe. Aligundua mapema kwamba wakulima waliozinunua walishindana kwenye ziwa lililoganda kila Jumapili baada ya ibada, na kwamba watu hununua ile waliyoiona ikizipita nyingine. Akaanzisha timu.

Mwaka 1981, baada ya misimu miwili isiyo na theluji, kiwanda kilifungwa. LaVonne alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwenye miezi mitatu tu kazini, akigundisha viti vya pikipiki.

Waendeshaji wa timu walikataa kuacha. Walihamishia pikipiki tano kwenye ghala la viazi. LaVonne aliwapelekea kahawa siku moja, akashikishwa spana, hakuondoka tena. Asubuhi alihudumu mgahawani, mchana alijifunza injini bila malipo. Timu ikashinda misimu miwili mfululizo, wanunuzi wakajitokeza, na mwaka 1984 milango ya kiwanda ikafunguliwa tena.

“Tangu hapo nilidhani naijua kanuni,” anasema. “Tukishinda, tunaishi.”

Ndiyo maana kilichotokea Februari kimemvuruga.

Alhamisi, wamiliki wapya, ambao ofisi yao iko mbali na hapa, waliwatangazia wafanyakazi kupitia runinga ya bwaloni kwamba uzalishaji “unasitishwa hadi mtakapoarifiwa.” Jumamosi ilikuwa siku ya mbio kubwa za barafuni, kilomita mia nne na themanini. Timu haikuambiwa iende wala isiende. Ikaenda.

Kwenye kituo cha mwisho, dereva wao, Cody Bellanger, aliingia huku mvuke ukimfunika. Kiwanda kizima humwita LaVonne shangazi, Cody akiwemo.

“Shangazi, inaungua!”

“Unayeungua ni wewe. Shuka nione.”

Bomba la kupozea injini lilikuwa limechanika kwenye ncha. LaVonne alivua glavu, akakata palipochanika, akalivuta lililobaki na kulifunga upya. Dakika nne. Vidole viwili bado havina hisia.

Cody alishinda kwa sekunde kumi na moja. Watu wazima walilia barafuni, na LaVonne anasema hajui walikuwa wakilia kwa lipi.

“Bwana mmoja kutoka ofisi ya wamiliki akanishika mkono, akanipongeza. Nikamuuliza, kwa hiyo Jumatatu tunarudi? Akatabasamu. Mpaka leo sijui tabasamu lile lilisema nini.”

Jumatatu alirudi. Na Jumanne.

“Anabeba chakula chake, anaondoka,” analalamika mumewe, Duane. “Namuuliza, mama, unakwenda wapi? Kazini. Kazi ipi? Ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.”

LaVonne anacheka akiyasikia hayo.

“Ana haki,” anasema. “Mwaka themanini na moja nilikuwa mtoto, sikuwa na cha kupoteza. Sasa sijui nangoja kitu au naogopa tu kukaa nyumbani.”

Pikipiki mbili za mashindano ni za Cody kwa mujibu wa mkataba wake. Wiki ijayo wanazihamishia kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba ya mama yake, na LaVonne ameahidi kuziandaa kwa mbio za Januari ijayo, kuwe na kiwanda kusiwe. Jina la Kvamme hawaruhusiwi kulitumia. Hilo ni mali ya wamiliki. Kwa hiyo kwenye fomu ya kujiandikisha, panapotakiwa jina la mtengenezaji, LaVonne aliandika “Aspelund.”

Karani wa mashindano akampigia simu.

“Bibi, huo ni mji. Mji hautengenezi pikipiki.”

“Basi njoo Aspelund,” LaVonne akamjibu, “ubishe hodi mlango wowote, uulize ni nani aliyezitengeneza.”